«Nilipitisha tu»: Sheria ya Mwaka 2023, Telefoni Zetu na Amri ya Nane

Siku moja ya Mungu, kiisha Misa ya pili, katekista mmoja wa Goma alitungoja nyuma ya sakristia. Alikuwa na telefoni mkononi, wala hakutaka kuiweka mfukoni. Alituambia: «Padri, nina neno. Katika grupu ya shirika letu ujumbe uliingia usiku. Ulisema ya kwamba mzee fulani wa kartie yetu anapeleka habari kwa adui, na jina lake lilikuwa ndani. Mimi sikuuandika. Nilipitisha tu, ili ndugu wajilinde. Kiisha siku tatu tulijua ya kuwa ni uongo. Lakini mzee alikuwa amekwisha kuhama pamoja na watoto, maana vijana walianza kutupa mawe juu ya nyumba yake. Mtoto wangu anasoma sheria kwa iniversite. Aniambia ya kuwa Leta yaweza kunifunga. Mimi nataka kujua kwanza: mbele ya Mungu, nina zambi?»

Makala hii yatoka katika ulizo lile. Maana po pote watu wanapokutana, mbele ya kanisa, kwa kinyozi, mahali pa kuchajia telefoni, wanabishana juu ya sheria hii mpya. Wengine wasema ya kuwa Leta inataka kufunga midomo ya watu. Wengine wasema ya kuwa midomo ile yapaswa kufungwa. Tena wanabishana juu ya mashini yenyewe: inajua nini, inaficha nini, yaweza kumtaja nani. Mabishano ni mengi, lakini waliosoma maneno ya sheria ni wachache, na waliojiuliza ulizo la katekista ni wachache zaidi. Basi tusome sheria, tutazame namna tribinali ilivyoisadiki mashini katika mashitaka makubwa moja, kiisha turudi kwa amri ya nane. Tutaona ya kuwa sheria ni pana mno upande mmoja na nyembamba mno upande mwingine; na mkristu asijifiche nyuma ya upana wake wala nyuma ya wembamba wake.

I. Maneno ya sheria

Tarehe 13 ya mwezi wa tatu mwaka 2023, sheria mbili zilitiwa sahihi Kinshasa kwa siku moja. Ya 23/009 yahusu uhuru wa magazeti na redio. Ya 23/010 ndiyo «Code du numérique», kitabu kirefu juu ya shuguli zote zinazofanyika kwa mashini za kuhesabu na kwa telefoni. Tuseme kwanza lililo jema, maana anayekosoa bila haki naye avunja amri ya nane. Inchi yetu ilihitaji sheria ya namna hii. Sahihi inayotiwa kwa mashini, habari za mtu binafsi zinazowekwa katika rejista za makompani, wizi wa feza kwa njia ya telefoni: hayo yote yalikuwa karibu bila ulinzi. Mjane aliyeibiwa feza zake kwa hila ya telefoni ana haki ya kulindwa na sheria.

Lakini tufike kwenye kifungu cha 360. Maana yake kwa luga yetu ni hii: mtu ye yote anayeanzisha ao kupitisha habari ya uongo juu ya mtu, kwa njia ya mitandao ao ya chombo cho chote cha namna ile, atapewa azabu ya gereza tangu mwezi 1 hata miezi 6, na kulipa tangu franka 500.000 hata 1.000.000, ao moja tu ya azabu hizo mbili.

Msomaji apime maneno mawili: «kuanzisha» na «kupitisha». Sheria inayaweka katika kitanda kimoja. Aliyekaa usiku akabuni uongo, na mama aliyeupokea akaupeleka kwa dada yake, wanangojewa na azabu moja. Kisha msomaji atafute neno ambalo halimo: «kwa kujua». Halionekani.

Kumbe waliotunga sheria za zamani walilijua neno lile. Kitabu cha azabu cha inchi yetu, katika kifungu cha 199bis, kinamwazibu mtu anayeeneza uvumi wa uongo unaoweza kutisha watu ao kuwachochea juu ya mamlaka. Lakini chasema wazi: anayeueneza *kwa kujua*. Azabu yake ni kubwa kupita, hata miaka 3, lakini mlango wake ni mwembamba zaidi. Sheria mpya imepunguza azabu na kupanua mlango.

Mtu atasema: maavoka wote wanajua ya kuwa hakuna kosa bila nia, juji mwema atauliza nia hata kama kifungu kimenyamaza. Twajibu: huenda. Lakini sheria haiandikwi kwa ajili ya juji mwema peke yake. Mtakatifu Tomaso afundisha ya kuwa sheria ni agizo la akili kwa ajili ya mafaa ya wote, linalotolewa na mwenye ulinzi wa jamaa na kutangazwa kwa watu. Agizo ambalo lamwacha mtu mdogo bila kujua kama ana kosa ao hana, mpaka amfikie juji, linapungukiwa na akili. Tomaso afundisha vile vile ya kuwa sheria ya watu haipaswi kukataza maovu yote, bali yale makubwa yanayowaumiza wengine na kuharibu ukaaji wa watu pamoja. Uongo unaomfukuza mzee nyumbani kwake ni wa namna hiyo. Lakini sheria iliyotaka kushika kila kidole kinachogusa telefoni haiwezi kuwashika wote, itawachagua wachache. Na katika inchi yenye woga, nani atachaguliwa?

II. Mashitaka ya Kinshasa

Jibu moja lilionekana upesi. Tarehe 13 ya mwezi wa saba mwaka 2023, Chérubin Okende, aliyekuwa waziri wa usafiri kiisha akawa msemaji wa chama cha upinzani, alionekana amekufa ndani ya gari lake Kinshasa. Mwisho wa mwezi wa nane gazeti *Jeune Afrique* lilitoa makala isiyo na jina la mwandishi, iliyotegemea barua iliyosemwa kuwa ya upelelezi wa Leta. Serikali ilisema barua ile ni ya kubuniwa. Tarehe 8 ya mwezi wa tisa, Stanis Bujakera, mwandishi wa Actualite.cd na wa *Jeune Afrique*, alikamatwa kwenye kiwanja cha ndege cha Ndjili. Alipelekwa kwenye gereza la Makala, akashitakiwa kubuni barua, kuiga muhuri wa Leta na kueneza uongo.

Hatutaki kumhukumu juji wala kumtakasa mshitakiwa. Linalotuhusu ni ushuhuda ulioletwa. Washitaki walisema ya kuwa mashini yenyewe imemtaja mtu: barua ilitoka mara ya kwanza katika telefoni yake, kwa njia ya Telegram, na hesabu za siri zilizofungwa ndani ya ujumbe zinaonyesha hivyo. Watetezi walikataa, na shirika la Reporters sans frontières likatoa uchunguzi kinyume cha ushuhuda ule. Mshitaki wa Leta aliomba miaka 20. Tarehe 18 ya mwezi wa tatu mwaka 2024, tribinali ya Gombe ilitoa miezi 6 na franka 1.000.000. Miezi 6 ilikuwa imekwisha kupita gerezani. Kesho yake alitoka. Kati ya miaka 20 iliyoombwa na miezi 6 iliyotolewa kuna shimo. Kila mtu aliulizana: kama ushuhuda ulikuwa na nguvu, kwa nini kidogo hivi? Na kama haukuwa na nguvu, kwa nini miezi 6?

III. Mashini inajua nini

Hapa yafaa seminaristi asijione haya kujifunza, maana mabishano mengi ya Goma yangekwisha kama watu wangejua mambo machache.

La kwanza: picha inayopitishwa kama picha katika WhatsApp inabanwa na kupunguzwa, na habari zilizokuwa ndani yake, mahali ilipopigwa na chombo kilichoipiga, zinaondolewa. Anayeipokea hawezi kuisoma asili yake.

La pili: ujumbe uliopitishwa unawekwa alama ya kupitishwa, tangu mwaka 2018, lakini alama ile haisemi nani aliyeanza. Inasema tu: huyu aliyekutumia si mwenyewe. Ukiona mishale miwili pamoja, jua ya kuwa ujumbe umekwisha kupita katika mikono mitano ao zaidi mbele ya kukufikia. Tangu mwezi wa kwanza mwaka 2019 mtu hawezi kupeleka ujumbe kwa grupu zaidi ya 5 mara moja, na tangu mwezi wa nne mwaka 2020 ujumbe wenye mishale miwili waenda mahali pamoja tu kila mara. Wenyewe waliotengeneza chombo waliona hatari, wakapunguza mwendo wake. Hawakuweza kupunguza haraka ya mioyo yetu.

La tatu: hesabu ile iitwayo «adresse IP» si jina la mtu. Ni hesabu ambayo kompani ya simu inakopesha chombo, na mara nyingi watu wengi wanatumia hesabu moja kwa saa ile ile. Yaweza kuonyesha mlango. Haionyeshi mkono uliofungua.

Basi tuone ubaya ulipo. Washitaki waliona dalili, wakaiita ushuhuda. Walimwona mtu mwenye kupitisha, kama alipitisha, wakamwita mwenye kuanzisha. Katekista wetu alifanya namna moja nao, ingawa hana kanzu ya juji: aliona jina katika ujumbe, akaliita habari. Kosa la tribinali na kosa la grupu ya shirika ni ndugu wa tumbo moja. Walimu wetu waliliita *judicium temerarium*, hukumu ya haraka: kusadiki ubaya wa mwenzako bila sababu ya kutosha.

IV. Kimya nacho chasema

Mtu mwingine atasema: kama hatari ni kubwa hivi, Leta ifunge tu mitandao. Wakaaji wa Goma wameonja dawa hiyo. Tangu tarehe 31 ya mwezi wa 12 mwaka 2018, kiisha uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi nzima karibu siku 20, na sauti ya RFI pia ilizimwa. Ilisemwa ya kuwa ni kwa kuzuia hesabu za uongo za kura. Je, uongo ulikoma? Tulikuwa tukisikia kila asubui washindi watatu, kila mmoja ameshinda katika kartie yake. Ile redio ya barabarani, ambayo ndugu wa Kinshasa waiita «radio trottoir», haihitaji umeme wala antene. Palipo kimya cha wakubwa, uvumi ndio unaosema.

Tukumbuke vile vile usiku wa tarehe 22 ya mwezi wa tano mwaka 2021, Nyiragongo ilipotoa moto. Miezi mingi mbele ya siku ile kituo cha kupima volkano cha Goma kilikosa feza, hata za kulipa intaneti ya mashini zake. Moto ulishuka, watu walikimbia, na telefoni zikawa ndizo kengele. Tarehe 27, mbele ya jua kutoka, mamlaka iliamuru kartie 10 kati ya 18 za mji ziachwe, ikisema ya kuwa moto waweza kuwa chini ya mji na chini ya ziwa. Mbele ya amri ile na nyuma yake, jumbe za kila namna zilipita juu ya hewa ya ziwa itakayowaua wote. Nyingine zilikuwa na kipande cha kweli, nyingine zilikuwa ndoto za mwoga. Mama aliyewaandikia ndugu zake «kimbieni» bila kuwa na hakika, amefanya kosa? Hapana. Katika hatari ya mauti, mapendo yaweza kusema neno la mashaka, mradi liseme pia: «sina hakika». Moto haupotezi jina lake jema tukiuzania vibaya, mtu anapoteza.

V. Amri ya nane inadai zaidi

Katekisimu ya Kanisa Katolika inatenga mambo matatu ambayo kifungu cha 360 hakiyatengi. Kuna hukumu ya haraka, tuliyoitaja. Kuna kusingizia, yaani kumharibia mtu jina kwa uongo. Na kuna kusengenya: kutoa bila sababu ya haki ubaya ulio wa kweli kwa watu wasioujua.

Hili la tatu linaonyesha wembamba wa kifungu kile. Katika miaka 2018 hata 2020, wakati wa Ebola katika jimbo letu, na ugonjwa ulipofika Goma mwezi wa saba mwaka 2019, majina ya jamaa za wagonjwa yalipita katika telefoni. Mengi yalikuwa ya kweli. Watoto walikatazwa kucheza na wenzao, bidhaa za mama zikakosa mnunuzi. Kifungu cha 360 hakina neno juu ya hayo, maana halikuwa uongo. Amri ya nane ina neno.

Tena mwezi wa 11 mwaka 2023, hapa Goma, askari wa jeshi la taifa aliuawa na kundi la watu waliomzania kuwa wa adui kwa sababu ya sura yake. Sheria hutafuta nani aliyepiga, na yafaa itafute. Lakini kundi lile halikuzaliwa siku ile. Lilinyweshwa kwa miezi, neno moja moja, kicheko kimoja kimoja, na wengi waliopitisha maneno yale hawakutoka nyumbani kwao siku ya mauaji. Mtakatifu Tomaso auliza kama mtu anayemsikiliza msengenyaji bila kumzuia ana zambi, na ajibu ya kuwa aweza kuwa nayo. Anayesimamia grupu ya shirika, akaona jina la mtu linaburutwa, akanyamaza kwa kuogopa wenzake, ajipime kwa fundisho lile.

Na sasa taabu imeongezeka, maana mashini zaweza kutengeneza sura na sauti ya mtu ambaye hakusema kitu. Roma ilitoa maandiko juu ya akili ya mashini, *Antiqua et nova*, tarehe 28 ya mwezi wa kwanza mwaka 2025. Goma ilikuwa imeingiwa na M23 siku moja mbele, na hapa hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusoma. Tumeyasoma nyuma. Yanawataka wanaotengeneza na wanaopitisha vitu vile wachunguze kweli yake mbele ya kuvieneza. Wenye amri juu ya mji walibadilika mwaka ule, na sheria yaweza kukosa polisi wa kuishika. Amri ya nane haingoji polisi.

VI. Jibu kwa katekista

Basi tulimjibu hivi. Kwanza: hukuwa msingiziaji kamili, maana ulisadiki. Pili: ulihukumu kwa haraka. Ulikuwa na usiku mzima wa kumwuliza mtu mmoja, ukatumia dakika moja. Uzito wa zambi wapimwa na ulichoweza kufanya ukaacha. Hilo ulilete katika kitubio. Tatu: kitubio hakimalizi deni. Aliyemwondolea mwenzake jina jema apaswa kulirudisha, kadiri awezavyo, hata kama Mungu na Leta wamekwisha kumsamehe. Sheria ya mwaka 2023 ingekudai mwezi mmoja ao franka. Haikudai kwenda kwa mzee. Mungu anakudai. Uandike katika grupu ile ile, kwa jina lako, ya kuwa habari ilikuwa uongo nawe uliipitisha. Uwaombe wote waliopeleka mbele waandike vile vile. Kiisha uende kwa miguu.

Sisi mapadri tusimtupie yeye peke yake. Nasi tuliwahi kusoma mimbarini tangazo lililotoka katika telefoni, tukaona kiisha siku mbili ya kuwa halikuwa na mwenyewe. Neno linalopitishwa na katekista linapata muhuri, na linalopitishwa na padri linapata muhuri mbili. Kwa hiyo tunawaomba wenzetu mambo matatu madogo: pasiwe na tangazo mimbarini lisilo na sahihi ya mtu anayejulikana, katika grupu za mashirika, jina la mtu lisitajwe kwa shitaka, hata kama shitaka lasemwa kuwa la kweli, na katika seminari, somo la amri ya nane lifundishwe pamoja na telefoni mezani, ili mwanafunzi ajue mishale miwili ni nini mbele ya kupewa sikio la waumini.

Katekista aliandika katika grupu jioni ile ile. Watu wawili walimcheka, mmoja alitoka. Kiisha juma moja alikwenda kwa mzee, mahali alipohamia. Mzee alimsikiliza mlangoni, amesimama, bila kumkaribisha kiti. Hajarudi katika kartie yetu. Katekista amekwenda tena mara mbili, na mara ya mwisho, atuambia, walimletea maji.